Kutambua kitu kwa mpangilio wa sehemu zake: mti wa tafsiri, kliki, spektra au springi?

Ukishaamua kwamba programu yako itatambua kitu kwa jinsi sehemu zake zinavyokaa, si kwa rangi wala mng'aro wake, swali linalobaki ndilo zito: utazioanisha vipi sehemu za modeli na zile zilizoonekana kwenye picha? Upande mmoja una modeli, yaani orodha ya sehemu pamoja na mahusiano yake: tundu hili liko milimita 60 kutoka lile, ukingo huu unakwenda sambamba na ule, kichwa kiko juu ya kiwiliwili. Upande wa pili una vipengele vilivyochotwa kwenye picha. Baadhi ni vya kitu unachokitafuta, vingine ni vya vitu vya jirani, na vingine ni vivuli na madoa tu. Unatafuta uoanishaji unaohifadhi mahusiano.

Wazo lina umri. Harry Barrow na Robin Popplestone wa Edinburgh waliandika kuhusu maelezo ya kimahusiano ya picha mwaka 1971, na tangu hapo njia za kulinganisha zimezidi kuongezeka, hadi anayeanza mradi hukwama kabla hajaandika mstari wa kwanza wa msimbo. Hapa tunalinganisha nne ambazo bado zina kazi ya kufanya: mti wa tafsiri, kliki kubwa katika grafu ya mapatano, ulinganishaji wa spektra, na miundo ya picha inayofungwa kwa springi. Kila moja ni imara mahali pake, na kila moja huanguka vibaya ikipelekwa kwenye tatizo lisilo lake.

## Vigezo vya kupimia

Kabla ya kutaja algorithimu yoyote, jibu maswali haya kwa kutazama picha zako mwenyewe.

Kitu ni kigumu au kinapinda? Chuma kilichotobolewa na mashine hakibadilishi umbali kati ya matundu yake. Mwili wa mnyama hubadilisha karibu kila kipimo, ila mguu haubanduki kwenye nyonga.

Vipengele vya ziada ni vingi kiasi gani? Chukua picha chache, hesabu kwa mkono. Nusu ya vipengele au zaidi ikiwa ni ya kitu chenyewe, karibu njia zote zitakuvusha. Ikiwa ni kimoja tu kati ya kumi, machaguo yanapungua haraka.

Kitu huzibwa? Tofautisha kuzibwa mara chache na kuzibwa kila siku. Njia inayodai sehemu zote zionekane haina kazi kwenye sanduku lililojaa vipuri vilivyolaliana.

Muda na kumbukumbu. Sehemu 4 za modeli na vipengele 5 vya picha ni mchezo mdogo kwa njia yoyote. Sehemu 30 na vipengele 200 ni habari nyingine.

Ikishindwa, utaijua sababu? Baadhi ya njia zinakuonyesha uhusiano gani umekataliwa na kwa kiasi gani. Nyingine zinakupa nambari moja tu. Kwenye mashine inayofanya kazi usiku kucha, tofauti hii ni kubwa kuliko watu wanavyoitarajia.

Kosa la vipimo ni kubwa kiasi gani? Nimekiacha hiki mwisho kwa sababu ndicho kinachosahaulika na ndicho kinachoamua mengi, tena kabla algorithimu haijaanza kazi. Kinahitaji mfano wa karibu.

Chukua bamba la chuma lenye matundu manne. Vitovu vyake, kwa milimita, ni A (0, 0), B (60, 0), C (60, 40) na D (20, 40). A na C yana kipenyo cha mm 10; B na D yana mm 6. Umbali kati yake ni: AB 60, AC 72.1, AD 44.7, BC 40, BD 56.6 na CD 40. Tuseme pikseli moja ni sawa na mm 0.4 kwenye bamba, na kitovu cha tundu kinapatikana kwa kosa lisilozidi nusu pikseli, yaani mm 0.2. Umbali una ncha mbili, kwa hiyo kosa lake linaweza kufika mm 0.4. Ongeza kosa la utengenezaji wa bamba lenyewe, na ukomo wa kosa wa mm 1 ni wa busara. Ukiulegeza hadi mm 3 "kwa usalama", AB inakuwa kati ya 57 na 63 huku BD ikiwa kati ya 53.6 na 59.6. Zimeingiliana. AD na CD nazo zimeingiliana. Kuanzia hapo hakuna algorithimu itakayorudisha taarifa uliyoitupa wewe mwenyewe.

Mwinamo nao una bei yake. Bamba likiinama nyuzi 20 kwenye mhimili ulio wima kwa AB, umbali huo unajikunja kwa kiasi cha kosini ya 20, na mm 60 zinasomeka takriban mm 56.4, karibu kabisa na BD. Kinachokuokoa hapo ni kipenyo cha matundu, kwa kuwa AB huunganisha kubwa na dogo ilhali BD ni madogo mawili. Umbali mtupu ni uhusiano wa kuaminika pale tu kamera inapotazama bamba kwa pembe mraba na kalibresheni ya lenzi imefanywa.

Tena, umbali hautofautishi kitu na taswira yake ya kwenye kioo. Tundu A likizibwa, B na D zinaweza kubadilishana nafasi bila umbali wowote kuvunjika: BC na CD zote ni 40, na vipenyo ni vilevile. Dawa ni uhusiano wa sehemu tatu: ukienda kutoka B hadi C hadi D, unapinda kushoto au kulia? Zao mtambuka la vekta BC na CD, likiwa chanya au hasi, linajibu, na gharama yake ni ndogo sana.

Kwa njia tatu za kwanza tutatumia picha moja ya bamba hili yenye maduara matano: p na q yenye mm 10, na r, s na t yenye mm 6. Kwa kweli p ni A, q ni C, r ni B, s ni D, na t ni doa la mafuta.

## Mti wa tafsiri

Hatua. W. Eric L. Grimson na Tomás Lozano-Pérez waliieleza njia hii mwaka 1984 kwa vitu vyenye nyuso bapa, wakitumia vipimo vichache vya umbali na mguso. Kila ngazi ya mti ni kipengele kimoja cha picha. Kila tawi ni sehemu ya modeli ambayo kipengele hicho huenda ndicho, pamoja na tawi moja tupu lenye maana ya "hiki si cha kitu chetu". Kwa bamba letu, matawi 5 katika ngazi 5 ni majani 3,125 (jani ni ncha ya mti, yaani uoanishaji mmoja kamili). Kipenyo peke yake, kabla ya uhusiano wowote, kinaacha matawi 3 kwa kila ngazi (mawili ya sehemu na tupu), na majani yanashuka hadi 243. Halafu kila unapoongeza jozi mpya unaipima na zile zilizo juu yake. Ukiwa umeshika p kuwa A na unajaribu r kuwa B, umbali kati ya p na r lazima uwe mm 60, pungufu au zaidi ya 1. Usipokuwa, tawi linapogolewa pamoja na kila kilicho chini yake.

Jani lililosalia si jibu bado. Jozi zote zinaweza kupatana mbili mbili na bado kusiwe na mkao mmoja (nafasi na mwelekeo wa kitu) unaoziweka zote mahali pake. Kadiria mkao kwa njia ya miraba midogo kabisa, inayopunguza jumla ya miraba ya makosa, rusha modeli yote juu ya picha, pima masalio ya kila tundu, kisha kagua ukingo wa nje wa bamba.

Inachohitaji. Kitu kigumu, mahusiano yenye ukomo ulio wazi, na vipengele vilivyopunguzwa kwanza.

Inapokwama. Tawi tupu ndilo mlango wa matatizo. Hakuna sharti linaloweza kulikataa, hivyo vipengele vya ziada vinapozidi, mti hutanuka kupitia hapo. Grimson alionyesha mwaka 1990 kwamba utafutaji ni mwepesi data zote zinapotoka kwenye kitu kimoja, lakini hukua kwa kipeo pale data za nje zinapochanganyika. Dawa ziko, na zitumike zote. Kwanza, weka mpaka: jozi ulizonazo pamoja na ngazi zilizobaki zikishindwa kulipita jibu bora la sasa, acha tawi hilo. Pili, simama mapema: ukipata jozi za kutosha na uhakiki umepita, usiendelee kutafuta ukamilifu. Tatu, panga ngazi kwa uangalifu. Anza na vipengele adimu, na vilivyo mbali mbali, kwa sababu umbali mrefu hupunguza utata wa mkao kuliko mfupi. Nne, gawanya picha katika maeneo yenye ukubwa wa kitu kabla ya kupanda mti.

Hesabu ya "jozi za kutosha" isifanywe kwa kubahatisha. Kwenye bapa, jozi mbili zinatosha kukadiria kuhama na kuzunguka; ushahidi wenye uzito unaanza na ya tatu. Kwa bamba la matundu manne, jozi tatu zikubaliwe pale tu ukingo wa nje unapokubaliana nazo.

Anayefaidika. Mwenye sehemu chache za kiwandani, kamera isiyosogea, na haja ya kueleza kila uamuzi. Rekodi ya matawi yaliyopogolewa ni maelezo kamili ya kushindwa: unaona kwamba jozi fulani ilikataliwa kwa mm 1.2 wakati ukomo ulikuwa 1. Katika njia nne hizi, hakuna inayokupa uwazi wa namna hii kwa urahisi.

## Kliki kubwa katika grafu ya mapatano

Hatua. Badala ya kushuka mti, unachora grafu. Kila nodi ni jozi inayowezekana, kwa mfano "A ni p". Bila kuchuja ni nodi 20. Baada ya kipenyo zinabaki 10, nne za matundu makubwa na sita za madogo. Unaunganisha nodi mbili pale zinapopatana: hazitumii sehemu moja mara mbili, hazitumii kipengele kimoja mara mbili, na umbali wao unalingana ndani ya ukomo. Kisha unatafuta kliki kubwa kuliko zote, yaani kundi la nodi ambamo kila moja imeunganishwa na nyingine zote. Kwenye picha yetu ni kundi la nne: A na p, B na r, C na q, D na s. Doa t halina wa kupatana naye vya kutosha, linabaki nje.

Algorithimu ya Bron na Kerbosch ya mwaka 1973, ikiongezewa uchaguzi wa nodi egemeo, ndiyo ya kuanzia, na maktaba nyingi za grafu zinayo tayari.

Inachohitaji. Ukomo wa kosa unaoaminika, na grafu iliyo chache viunganishi. Idadi ya kliki zisizopanuka inaweza kufika 3 kwa kipeo cha n/3. Kwa nodi 30 hiyo ni 59,049 katika hali mbaya kabisa. Grafu za kweli ziko mbali na hapo, ila ukomo uliolegea huzisogeza karibu.

Robert Bolles na Ronald Cain walipunguza mzigo huu mwaka 1982 kwa njia ya kipengele kiini: unachagua kipengele kimoja cha kuaminika, unaangalia vya jirani yake tu vinavyotarajiwa na modeli, na kliki inatafutwa ndani ya grafu ndogo. Kwa vipuri vinavyolaliana, hila hii bado ni ya thamani.

Inapokwama. Kiunganishi kimoja kikikosekana, kliki inavunjika. Tuseme tundu D lina ukwaru na kitovu chake kimesomwa mm 1.3 mbali zaidi na A. Umbali wa AD unavuka ukomo, ila BD na CD zinabaki ndani. Kliki ya nne imepotea, na mahali pake kuna mbili za tatu: A, B, C na B, C, D. Programu itachagua mojawapo kwa bahati tu, na ile ya pili ndiyo yenye utata wa kioo tulioutaja. Usijibu kwa kulegeza ukomo. Unganisha kliki zinazoshiriki nodi mbili au zaidi, kadiria mkao kutokana na muungano wao, kisha hakiki kila tundu upya kwa mkao huo.

Ulinganifu wa kitu huzaa kliki nyingi zenye ukubwa sawa. Kama kitu kina ulinganifu wa kweli, hilo si kosa. Andika kwenye modeli kwamba majibu hayo ni yaleyale.

Anayefaidika. Mwenye vitu vigumu vinavyozibwa sana, au vitu kadhaa vya aina moja kwenye picha moja. Unatoa kliki, unafuta nodi zake, unatafuta tena. Haitegemei mpangilio wa kuanza kama mti, na kuzibwa hakuhitaji tawi maalumu: sehemu isiyoonekana haiingii kwenye kliki, basi.

## Ulinganishaji wa spektra

Hatua. Marius Leordeanu na Martial Hebert waliileta njia hii mwaka 2005. Nodi ni jozi zilezile za grafu ya mapatano, lakini mapatano hayawi tena ndiyo au hapana, yanakuwa alama. Unajenga matriksi ya mraba, safu na mstari kwa kila jozi. Kwenye ulalo unaweka ubora wa jozi yenyewe, kwa mfano kufanana kwa kipenyo. Nje ya ulalo unaweka mapatano ya jozi mbili: 4.5 kutoa mraba wa tofauti ya umbali uliogawiwa kwa mara mbili ya mraba wa sigma (mtawanyiko wa kawaida wa kosa la umbali), pale tofauti inapokuwa chini ya sigma tatu, vinginevyo sifuri. Jozi zinazogombania sehemu au kipengele kimoja nazo hupewa sifuri. Kwa ukomo wetu wa mm 1, sigma ni kama mm 0.33.

Kisha tafuta vekta aigeni kuu, yaani ile ambayo matriksi huirefusha zaidi bila kugeuza mwelekeo wake, kwa kuzidisha matriksi na vekta tena na tena, ukiisawazisha kila mara hadi itulie. Kwa kuwa matriksi haina nambari hasi, vekta hiyo nayo inaweza kuchukuliwa isiyo na hasi, na kila nambari yake ni kiasi cha imani katika jozi husika. Chukua iliyo kubwa, futa zote zinazogombana nayo, chukua inayofuata, hadi zilizobaki ziwe karibu na sifuri.

Inachohitaji. Sigma iliyopimwa, na matriksi iliyohifadhiwa kwa namna ya kuweka nambari zisizo sifuri peke yake. Sehemu 30 na vipengele 200 ni jozi 6,000, na matriksi kamili ina nambari milioni 36. Kwa baiti 8 kila moja ni takriban megabaiti 288. Ukichuja jozi kwa sifa za sehemu zenyewe na ukaruka sifuri, mzigo unakuwa mdogo na kazi ni ya sekunde au chini yake.

Inapokwama. Ukwaru wa tundu D ulioivunja kliki hauisumbui njia hii: uhusiano mmoja ulioharibika unapunguza alama tu. Udhaifu wake uko kwingine. Mabamba mawili ya aina moja yakiwa kwenye picha, matriksi ina makundi mawili yenye nguvu karibu sawa, na vekta inaweza kuyachanganya. Hatua ya kuchukua kubwa kwanza itachota A kutoka bamba moja na C kutoka jingine bila aibu. Ukiona hivyo, baada ya kuchukua jozi ya kwanza futa pia zile zisizo na mapatano yoyote nayo. Miundo inayojirudia, kama gridi ya madirisha, inaleta shida ya aina hiyohiyo.

Ukubwa usiojulikana ni tatizo jingine. Umbali hubadilika kamera ikisogea karibu, na uwiano wa pembetatu unahitaji sehemu tatu kwa pamoja, jambo lisiloingia kwenye matriksi. Kuna upanuzi unaotumia tensa (majedwali yenye pande zaidi ya mbili) za sehemu tatu tatu, lakini idadi ya tatu hizo hupanda kwa kasi na utalazimika kuchukua sampuli.

Na hakuna uhakika wa jibu bora. Unapata kadirio zuri la tatizo lililolegezwa, kisha hatua ya uroho ya kulirudisha kwenye ndiyo na hapana. Minsu Cho, Jungmin Lee na Kyoung Mu Lee waliboresha hilo mwaka 2010 kwa kuingiza sharti la sehemu moja kwa kipengele kimoja ndani ya mzunguko wenyewe. Kama matokeo ya msingi yanayumba, hiyo ndiyo hatua inayofuata ya kujaribu.

Anayefaidika. Mwenye vipengele makumi au mamia, kitu kinachojikunja kidogo, na vipimo vyenye kelele. Kasoro yake kubwa kwa mtu wa kiwandani ni kwamba nambari ya imani ya 0.31 haikwambii ni uhusiano upi ulioivuta chini. Itabidi uandike kipande chako cha kufumua alama.

## Miundo ya picha: sehemu zilizofungwa kwa springi

Hatua. Martin Fischler na Robert Elschlager walipendekeza mwaka 1973 kitu kiwe sehemu zilizounganishwa kwa springi. Gharama ya kila mpangilio ni jumla ya mambo mawili: kila sehemu inavyofanana na picha mahali ilipowekwa, na kila springi ilivyovutika. Pedro Felzenszwalb na Daniel Huttenlocher walionyesha mwaka 2005 kwamba springi zikipangwa kama mti, na gharama yake ikiwa ya mraba, jibu bora kabisa linapatikana haraka.

Tofauti ya msingi na tatu zilizotangulia ni kwamba hapa huchoti vipengele kwanza. Kila sehemu inapimwa kila mahali kwenye picha, na uamuzi unafanywa mara moja mwishoni. Mwili wa mtu, kwa mfano, una sehemu 10: kiwiliwili ambacho ni mzizi, kichwa, na vipande viwili kwa kila mkono na kila mguu. Unaanza kwenye ncha: ramani ya gharama ya sehemu ya chini ya mguu inasambazwa kwa ubadilishaji wa umbali (hesabu inayotafuta, kwa kila nafasi ya mzazi, nafasi ya mtoto yenye gharama ndogo kabisa) kulingana na springi yake, inajumlishwa kwenye ramani ya paja, na hivyo hadi kiwiliwili. Mahali penye gharama ndogo kwenye mzizi ndipo kitu kilipo; kisha unarudi chini kusoma kila sehemu iko wapi.

Inachohitaji. Picha za mafunzo zilizowekwa alama, ili kujua wastani na mtawanyiko wa nafasi ya kila sehemu kwa mzazi wake. Picha zikiwa chache, mtawanyiko hutoka mdogo mno na springi inakuwa chuma. Weka kiwango cha chini. Kuhusu muda, picha ya pikseli 640 kwa 480 ina nafasi 307,200. Kulinganisha kila nafasi ya mtoto na kila ya mzazi ni kama hesabu bilioni 94 kwa springi moja. Ubadilishaji wa umbali unaifanya kazi hiyo ilingane na idadi ya nafasi tu. Ukiongeza mielekeo 16, nafasi zinakuwa 4,915,200, bado inawezekana.

Inapokwama. Mti hauna springi kati ya mguu wa kushoto na wa kulia. Yote miwili inaweza kuangukia mguu mmoja ulio wazi zaidi, na modeli haitaona ubaya. Badala ya kuchukua jibu moja bora, chukua sampuli nyingi zenye gharama ndogo, kisha zipime upya kwa sharti la kutogongana. Kuongeza springi ili kufunga mzunguko kunaondoa wepesi wote, kwa hiyo fanya hivyo ukiwa na sababu.

Kuzibwa pia hakumo kwenye muundo wa asili: sehemu isiyoonekana bado italazimishwa kukaa mahali. Weka kikomo cha juu kwenye gharama ya muonekano, ili sehemu iliyozibwa ilipe faini isiyobadilika badala ya kuburuta mwili mzima.

Anayefaidika. Anayetafuta watu, wanyama, nyuso, au chochote chenye maungio, na ambaye vipengele vyake ni dhaifu kiasi cha kutoaminika kimoja kimoja. Ramani ya gharama ya kila sehemu inaweza kutazamwa kama picha, na hilo hurahisisha sana kutafuta kosa. Kwa bamba letu la chuma njia hii inafanya kazi, ila inapoteza usahihi uliokuwa nao tayari.

## Kulingana na hali yako

Kitu kigumu, vipengele chini ya ishirini, vingi vikiwa vya kitu chenyewe: anza na mti wa tafsiri. Ni msimbo mfupi, na utajifunza mengi kuhusu data zako kwa kusoma kilichopogolewa.

Vipuri vigumu vilivyolaliana sandukuni, vya aina moja au mbili: kliki, pamoja na kipengele kiini. Tumia muda wako kwenye ukomo wa kosa kuliko kwenye kasi ya algorithimu.

Vipengele mamia, vipimo vyenye kelele, umbo linalojikunja kidogo: spektra. Kama kelele ziko kwenye utambuzi wa vipengele vyenyewe kuliko kwenye nafasi zao, angalia pia njia zinazojifunza. SuperGlue ya mwaka 2020, inayolinganisha vipengele vya picha mbili, hutumia mtandao wa neva wa grafu na kumalizia na hatua za Sinkhorn, zinazosawazisha mistari na safu za jedwali la alama kwa zamu. Inadai mafunzo na kadi ya michoro yenye nguvu, na maelezo ya kosa lake ni magumu kuliko ya zote nne.

Mwili wenye maungio: miundo ya picha. Leo sehemu zenyewe hutambuliwa vizuri zaidi na mitandao ya neva, lakini springi juu yake bado zinasaidia kukataa mpangilio usiowezekana.

Michoro ya umeme, alama, herufi, ambapo swali ni "huu ni mchoro wa aina gani" kuliko "kitu kiko wapi": hapo hakuna kati ya nne hizi inayokaa vizuri. Tumia umbali wa uhariri wa grafu, unaohesabu gharama ya kufuta, kuongeza na kubadili nodi. Kwa grafu kubwa, tumia kadirio la Kaspar Riesen na Horst Bunke la mwaka 2009, linalotegemea algorithimu ya Kihungaria, inayotafuta ugawaji wa jozi wenye gharama ndogo kabisa.

Ukibaki katikati ya mbili, fanya jaribio dogo kabla ya kujenga chochote. Oanisha sehemu kwa mkono kwenye picha 20, zikiwemo mbaya. Chora mgawanyo wa tofauti za umbali kwa jozi sahihi, na mwingine kwa jozi zisizo sahihi. Migawanyo ikitengana, mti au kliki zitatosha na zitakupa maelezo. Ikiingiliana kwenye mikia tu, spektra. Ikilaliana kabisa, rudi kwenye uchaguzi wa mahusiano: jaribu pembe, mpangilio wa kushoto na kulia, usambamba, au uwiano, kisha uchore upya.